Jinsi ya kuchora nakala ya "Mavuno" ya Van Gogh nyumbani, mwongozo kamili hatua kwa hatua

Wengi wakitaka kujifunza kwa mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh wanakimbilia alizeti au ule usiku wa nyota, sawa, siwakatazi, ila kama lengo lako ni kujua kuchora mandhari ya shamba, jua la kiangazi limewaka na tambarare inaenda mpaka macho yanachoka, picha ya kuanza nayo ni Mavuno, aliyoichora Juni 1888 nje kidogo ya mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa. Wapo wanaoiita Mkokoteni wa Buluu na ukiiangalia tu utajua kwa nini.

Niweke sawa jambo moja mapema. Kuna imani kwamba Van Gogh ni vizungusho vizungusho kila mahali, anga inazunguka, miti inazunguka. Vile vilikuja hasa mwaka uliofuata, 1889, akiwa Saint-Rémy, mji mwingine wa kusini mwa Ufaransa. Kwenye Mavuno hakuna kitu kinachozunguka. Ni mikanda imelala, mmoja juu ya mwingine, kuanzia uzio chini kabisa mpaka milima kule juu, na kila mkanda una aina yake ya mguso wa brashi. Ukishika hilo umeshika nusu ya kazi, na ukianza kuweka vizungusho hapa umeharibu, hakuna namna.

Historia kidogo, maana itakusaidia kwenye brashi

Alifika Arles Februari 1888 akitokea Paris, akakuta theluji imefunika mji. Kufika Juni ngano imeiva kwenye tambarare ya La Crau, joto kali, naye akawa anatoka na vifaa vyake kwenda mashambani. Mandhari hii aliichora kwanza mara mbili kwenye karatasi kwa kalamu na rangi ya maji, ndipo akaingia kwenye turubai, kile kitambaa cha kuchorea. Baada ya hapo akaendelea na picha nyingine za ngano mfululizo kwenye jua hilohilo, mpaka mvua kubwa ya tarehe 20 Juni ikakatisha msimu. Hii yenyewe aliihesabu kati ya kazi zake bora, na wakati huo alimwandikia mdogo wake Theo kwamba watu wakisema picha zake zimechorwa harakaharaka, basi awajibu kwamba wao ndio wameziangalia harakaharaka. Jeuri kidogo, lakini ana hoja: mkono ulikuwa wa haraka kwa sababu uamuzi ulishafanyika kwenye karatasi. Ndiyo maana kwenye mwongozo huu hatua ya karatasi siiruki na wewe usiiruke.

Leo picha iko Van Gogh Museum, Amsterdam. Na hilo jina la Posti-Impreshenisti, yaani wachoraji waliokuja baada ya Impreshenisti, wanalopewa yeye na wenzake alilianzisha mhakiki wa sanaa Mwingereza Roger Fry kwa maonyesho ya London mwaka 1910, Van Gogh akiwa ameshafariki miaka 20 nyuma.

Vifaa

Rangi: akriliki au rangi za mafuta, zote zinafaa. Akriliki zinakauka upesi na hazihitaji tapentaini, kwa mtu anayechorea sebuleni na watoto wako hapohapo ningesema chukua akriliki. Rangi za mafuta zinakaa mbichi muda mrefu, unaweza kuchanganya rangi juu ya rangi palepale kwenye turubai, na kwa picha hii ni raha kweli, ila utasubiri kukauka.

Huhitaji tyubu 24. Nunua hizi: nyeupe ya titani (kubwa, itaisha kwanza), njano ya limao, njano ya kati, njano ya udongo ambayo wengine wanaiita oka, nyekundu moja inayoelekea chungwa, buluu ya kobalti au ultramarini, na kijani cha viridiani. Nyeusi iache dukani.

Kuhusu njano, Van Gogh alitumia sana njano ya kromu, ambayo ina madini ya risasi, ni sumu, na juu ya hapo baadhi yake inageuka kahawia ikipigwa na mwanga miaka mingi. Wekundu wake wengine nao ulififia, ndiyo maana sehemu fulani za zambarau kwenye picha zake zimebaki buluu. Kwa hiyo unachokiona leo kwenye skrini si lazima kiwe kilekile alichokiona yeye jioni ile anakunja vifaa. Usihangaike kutafuta kromu, njano za kisasa za azo zinatosha na ni salama zaidi.

Halafu usitumie rangi ya bati ile ya kupaka mageti na baiskeli. Najua wachoraji wa Tingatinga wanaitumia tangu enzi za mzee Edward Tingatinga mwenyewe pale Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya 60, kwenye hadibodi, na kwa kazi yao inapendeza mno, inang'aa na inalala laini. Tatizo ni hapohapo, inalala laini. Sisi hapa tunataka alama ya brashi ibaki imesimama, na rangi ya bati inajisawazisha yenyewe, ukigeuka mguso wote umepotea. Hadibodi yenyewe lakini ruksa, ipake jeso (rangi nyeupe ya kuandalia) mara mbili, kama jeso hakuna basi rangi nyeupe ya maji ya ukutani, acha ikauke vizuri.

Brashi: bapa namba 4, 6 na 8 za nywele ngumu, moja nyembamba ya mviringo kwa watu na ngazi, na kisu cha kuchanganyia. Nywele laini haziwezi kubeba rangi nzito.

Hatua ya 1: vipimo

Picha halisi ina sentimita 73.4 kwa 91.8. Ukigawanya unapata uwiano wa 4 kwa 5 karibu kabisa, kwa hiyo turubai ya sentimita 40 kwa 50 inaingia bila kukata kitu. Ukichorea kwenye A3 kumbuka karatasi hiyo ni ndefu kupita kiasi, bana upande mrefu mpaka sentimita 37 kwa selotepu ya karatasi.

Pakua picha kutoka kwenye tovuti ya hiyo makumbusho, wanatoa nzuri unayoweza kuizumu mpaka uone mguso mmoja mmoja. Usichukue ile ya kwanza unayoikuta mtandaoni, nyingi zimeongezewa rangi mpaka ngano inafanana na juisi ya machungwa.

Sasa chora miraba. Turubai ya 40 kwa 50 inakupa miraba 20 ya sentimita 10, minne kwenda juu na mitano kwenda pembeni. Fanya hivyohivyo juu ya picha uliyoprinti. Kila mraba wako unabeba kama sentimita 18 na kidogo za kwake, maana yake wewe unachora kwa kiasi cha nusu ya ukubwa. Hesabu hii ina faida kwenye brashi pia: mguso wake wa sentimita mbili kwako ni wa sentimita moja, basi. Usishuke chini ya hapo ukaanza kudonyoa kwa brashi ya nywele tatu. Na kama unaona miraba ni kudanganya, Van Gogh tangu yuko Uholanzi mwaka 1882 alikuwa na fremu ya mbao yenye nyuzi zilizokatiza, anatazama mandhari kupitia humo ili apate vipimo.

Hatua ya 2: angalia, halafu chora kwa kalamu

Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Utaona sehemu za giza kabisa ni chache na ndogo, eneo kubwa ni la mwangaza wa kati na wa juu. Maana yake joto unalolihisi pale halitokani na kivuli cheusi kushindana na mwanga, linatoka kwenye rangi yenyewe. Hilo litakuzuia usije ukatia giza chini ya kila kitu.

Rudisha rangi, sasa soma mikanda kutoka chini. Kuna ardhi ya mbele yenye mabua na majani, uzio, vipande vya bustani vya kijani, halafu ngano na mashamba yaliyokwishavunwa, mkokoteni wa buluu karibu na katikati, rundo kubwa la majani makavu lenye ngazi imeegemezwa, nyumba za shamba zenye mapaa ya rangi ya vigae, watu wadogo wako kazini, kisha mashamba ya mbali, kilima chenye magofu ya abasia (monasteri) ya Montmajour upande wa kushoto, milima ya Alpilles nyuma, na mwisho anga. Anga yenyewe kapewa sehemu ndogo tu huko juu. Upeo wa macho umepandishwa sana, na hapo ndipo ile hisia ya ukubwa wa tambarare inapotoka. Anayeanza karibu kila mara anashusha huo mstari uwe katikati maana ndivyo alivyozoea, matokeo yake shamba linakuwa dogo na anga kubwa tupu. Weka alama ya upeo kabla ya kitu kingine chochote, na upime.

Chukua karatasi, chora mandhari yote kwa kalamu ya wino bila kupaka rangi popote. Van Gogh alichonga kalamu zake kwa matete yaliyoota hukohuko Arles, ukipata tete lichonge, mstari wake unaanza mnene unaisha mkavu na ni mtamu sana. Kalamu ya kawaida nayo inafaa. Sharti ni moja, kila mkanda uupe alama yake: vistari vya kusimama kwa mabua ya mbele, vistari vya kulala kwa mashamba ya mbali, nukta kwa bustani, mistari mirefu ya kuinama kwa rundo. Anga iache tupu. Ukimaliza mtu asiyeijua picha aweze kukuambia hapa ni majani na hapa ni shamba lililolimwa, kwa kuangalia alama peke yake. Haijafika hapo? Rudia. Karatasi ni rahisi, rangi bei yake imechangamka.

Baada ya kuimaliza ile picha yeye alichora tena mandhari hii kwa kalamu kuwatumia rafiki zake, mchoro mmoja ukaenda kwa Émile Bernard, mwingine kwa John Russell, na wa Russell sasa uko National Gallery of Art, Washington. Utafute uuangalie, ni darasa tosha.

Hatua ya 3: rangi ya chini

Changanya oka na maji mengi (au tapentaini kama ni rangi za mafuta), paka turubai nzima wepesi, futa na kitambaa mpaka ibaki njano hafifu. Hii ni ya kwangu, simsingizii Van Gogh. Faida yake ni kwamba vinafasi utakavyoviacha kati ya miguso havitapiga kelele nyeupe. Ikikauka hamisha mchoro kwa brashi nyembamba na buluu iliyopunguzwa sana. Mistari mikuu tu: upeo, milima, uzio, rundo, mkokoteni, mapaa. Watu bado.

Hatua ya 4: njano zako, hapa tulia

Hapa ndipo picha inapopona au kufa. Mtu anafungua tyubu ya njano, anapaka shamba zima, halafu anashangaa mbona imekuwa kama ukuta wa duka la wakala wa simu. Shamba la Van Gogh si njano, ni njano tano sita zinazokaa jirani na zinagombana kidogo.

Changanya zote kabla hujapaka hata moja, uziweke kwa mstari kwenye paleti, yaani ubao wa kuchanganyia rangi:

Ya kwanza, ya mbali: limao vijiko viwili, nyeupe viwili, na tone la viridiani. Inakuwa ya baridi, inaelekea kijani, itarudi nyuma yenyewe.

Ya pili, ya ngano iliyosimama: njano ya kati tatu, nyeupe moja.

Ya tatu, ya ardhi iliyokwishavunwa: oka mbili, nyeupe moja, njano ya kati nusu.

Ya nne, ya rundo: njano ya kati na chembe ya ile nyekundu, mpaka ipate joto la chungwa lakini isiwe chungwa.

Ya tano, ya mwanga: nyeupe nne kwa limao moja, nzito, usiiongezee maji.

Ya sita ni ya upande wa kivuli wa rundo na chini ya uzio. Chukua ya tatu, tia zambarau kidogo uliyoichanganya mwenyewe kwa buluu na nyekundu. Zambarau inaipoza njano bila kuiua. Nyeusi ikigusana na njano inakupa kijani cha matope, ndiyo maana nikasema iache dukani.

Kabla ya kuanza jaribu jirani zake pia. Van Gogh alikuwa na kisanduku cha nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, anazisokota pamoja kuona rangi gani inaichangamsha ipi, na nyuzi hizo bado zipo kwenye ile makumbusho. Mambo haya ya rangi zinazopingana alikuwa ameyasoma kwenye vitabu vya Charles Blanc, mwandishi wa sanaa Mfaransa. Wewe chukua vipande vya vitambaa kwa fundi cherehani, weka buluu juu ya njano, kisha juu ya kijani, uone buluu ileile inavyobadilika. Dakika kumi tu za mchezo huo zinakusaidia kuliko kusoma maelezo yangu.

Hatua ya 5: anga na milima

Anza juu. Anga si buluu ya kadi ya posta, ina kijani ndani yake: nyeupe nyingi, kobalti kidogo, viridiani kidogo zaidi ya unavyodhani. Paka kwa brashi namba 8, miguso ya kulala, membamba. Kadiri unavyoshuka kukaribia milima ongeza nyeupe. Usiweke mawingu ya urembo.

Milima ni kobalti, nyeupe, na chembe ya nyekundu iwe na uzambarau. Ukingo wake wa juu uwe safi lakini usiwe umekatwa kwa wembe. Montmajour ni miguso michache tu, ukianza kuchora madirisha umepotea njia.

Hapa pita haraka, usikae, maana ukimaliza nguvu zote kwenye anga ukifika kwenye ngano mkono umechoka.

Hatua ya 6: mashamba, kutoka mbali kuja karibu

Mkanda kwa mkanda. Mbali: brashi namba 4, miguso midogo ya kulala, njano ya kwanza, katikati yake vipande vyembamba vya kijani kilichopauka. Rangi iwe nyembamba. Katikati: namba 6, njano ya pili na ya tatu zikipokezana, miguso mifupi inayoinama kidogo, na rangi inaanza kunenepa. Karibu: namba 8, nzito, unaanzia chini unanyanyua kwenda juu kama bua linavyoota.

Hiyo ndiyo siri ya umbali kwenye picha hii, mguso mdogo mwembamba uliolala unakaa mbali, mguso mkubwa mnene uliosimama unakuja mbele. Na kwa rangi za mafuta kuna sababu ya pili, tabaka nene likiwa chini na jembamba juu yake litapasuka baadaye, hivyo nyembamba chini nene juu.

Ukiweka mguso, uache. Usirudi kuulainisha, hata kama umekaa vibaya. Ukirudi mara tatu njano yako inaanza kula kijani cha jirani na inakufa. Ni bora uukwangue na kisu uweke mwingine. Watumiaji wa akriliki, paleti ikianza kukauka nyunyizia maji kwa chupa ya dawa, ila usimwage kwenye rangi.

Bustani za kijani ziweke kabla uzio haujaja: viridiani na limao, kwingine viridiani na oka. Kijani mbili zinatosha. Ni sehemu ndogo lakini zinapumzisha macho, bila hizo njano inachosha.

Hatua ya 7: mkokoteni, nyumba, watu

Subiri mashamba yashike kwanza. Kisha changanya buluu safi kuliko zote za kwenye picha, kobalti na nyeupe kidogo tu, na usiitumie mahali pengine popote kwa nguvu hiyo. Mkokoteni ni kidude kidogo ukilinganisha na shamba, ila ndio unaoshikilia kila kitu, ukiufunika kwa kidole kwenye picha halisi utaona tambarare yote inalegea. Chora umbo la kisanduku na magurudumu kwa miguso michache, pima kwenye miraba yako maana ukisogea sentimita mbili pembeni mizani inaharibika. Buluu ya milima, iliyopauka, itauitikia kutoka nyuma.

Mapaa: nyekundu, oka, nyeupe. Kuta: nyeupe yenye uzambarau upande wa kivuli, yenye njano upande wa jua. Rundo la majani ulichore kwa njano ya nne, miguso ifuate umbo linavyoshuka, ngazi ni mistari miwili na vidaraja.

Watu waje mwisho, kila mmoja miguso mitatu, mwili, kichwa, labda mkono. Mtu akikuuliza sura zao ziko wapi mwambie wako mbali na jua ni kali.

Hatua ya 8: uzio na kumalizia

Uzio uchore kwa njano ya sita, kisha juu yake vipande vya njano ya tano kwa ncha ya kisu, mguso mmoja mmoja, rangi isimame. Mabua ya mbele ongeza ya pili na ya tano, acha rangi ya chini ichungulie hapa na pale.

Kisha ondoka mbele ya turubai, nenda mwisho wa chumba, ipige picha kwa simu na uigeuze tena nyeusi na nyeupe, ulinganishe na ya mwanzo. Kama yako ina giza zaidi, kosa mara nyingi liko kwenye kijani na kivuli cha rundo. Kama imepauka yote, ongeza buluu ya mkokoteni kabla hujaongeza kitu kingine.

Akriliki nene ipe siku kadhaa kukauka ndani, vanishi baada ya wiki mbili. Rangi za mafuta zenye unene huo subiri angalau miezi sita kabla ya vanishi, na wakati wote huo ikae wima mahali penye hewa, mbali na moshi wa jikoni, uso ukiwa umegeuzwa ukutani kidogo vumbi lisishike. Sahihi weka ya kwako, kamwe usiandike Vincent, na nyuma ya turubai andika kwamba ni nakala ya Mavuno ya Van Gogh, 1888, na tarehe uliyoimaliza. Ukija kuiuza mnunuzi ayasome hayo kabla hajatoa hela.